Tumechangia Dabo, Tumepewa Kurasa Mbili

Jamani, kama umesimama, kaa. Kilichotokea Utulivuni huwezi kukiamini, na usipoamini hakuna wa kukulaumu, maana hata waliokuwepo wanaulizana mpaka leo kama kweli walikuwepo. Nchi nzima, yenye bendera na jeshi na bendi ya matarumbeta, ilikasirika mpaka ikaitisha kikao cha dharura, eti kwa sababu dunia haikuisema vibaya vya kutosha.

Ndiyo. Umesoma sawa.

Utulivuni kama hujafika, ni nchi nzuri sana. Barabara zake zote anazopita Rais zina lami. Ina daraja kubwa kuliko yote ukanda huu, bado tu halijapata mto; mto upo kwenye awamu ya pili. Na watu wake wana tabia moja wanayoijua tangu wakiwa mgongoni: kuchangia. Harusi, kipaimara, ubarikio, mtu karudi kutoka hospitali, mtu kanunua pikipiki, vyote vina kamati, na kila kamati ina kadi. Ukichanga kidogo unapata singo, unakuja peke yako unapanga foleni ya pilau. Ukichanga vizuri unapata dabo, unakuja na mwenzio. Ukichanga hasa, unakaa mbele na paja la kuku linakufuata ulipo. Mchango na sahani lazima vilingane. Katiba ya Utulivuni imeshabadilishwa mara nne lakini hilo halijawahi kuguswa.

Sasa siku hiyo Rais anaangalia televisheni, anamwona Rais wa Bondeni, nchi jirani wasiyoipenda, amekaa mstari wa mbele kwenye mkutano wa Jopo la Dunia la Haki za Watu. Hili Jopo liko ng'ambo, kwenye mji mmoja wa baridi. Kazi yake ni kuchunguza serikali zipi zinaonea watu wake, na hela ya kufanyia kazi hiyo inatoka kwa serikali hizo hizo. Usiulize. Ndivyo lilivyo.

"Yule kwa nini yuko mbele?" Rais akauliza.

"Bondeni wamechangia singo, Mzee. Kule wengi hata singo hawatoi."

"Na sisi?"

Watu wakaangalia zulia.

Asubuhi yake kamati ilishaundwa, chini ya Wizara ya Haki na Sherehe. Utulivuni hivyo vitu viwili viko wizara moja, kwa sababu haki huwa inatajwa siku za sherehe. Mwenyekiti akawa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Tindo Makorokoro, mtu ambaye akikusalimia tu unahisi unahutubiwa. Karani akawa Sikudhani Mbwilo, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwandiko mzuri, mdomo umefungwa.

Mdomo ulikuwa na sababu ya kufungwa. Mdogo wake, Nasibu, fundi baiskeli, alikuwa mahabusu ya Ngazi Nane, na hadi kisa hiki kinaiva angetimiza miezi nane. Kosa lake? Siku ya kuzindua lile daraja alinyoosha mkono, kwa adabu zote, akauliza, "Samahani, mto uko wapi?" Wala hakuwa anakejeli. Alikuwa kaja na ndoano. Faili lake likaandikwa "kuuliza mbele ya wageni", na tangu hapo hakuna mahakama, hakuna tarehe, hakuna kitu. Alimwacha mke wake, Tatu, ana mimba ya miezi saba. Mtoto wa kike kazaliwa, kaota meno mawili, baba hajamtia machoni.

Kila Jumapili Sikudhani alipeleka chakula Ngazi Nane. Askari wanapokea, wanakula, kontena linarudi limeoshwa vizuri. Wiki nyingine na ujumbe juu: "Chumvi ilizidi kidogo dada."

Kwa hiyo yeye alichokuwa anataka duniani ni kimoja tu: Nasibu awe nyumbani kabla yule mtoto hajajifunza kumwita mtu mwingine baba. Mengine yote, michango, Jopo, Bondeni, alikuwa anaandika tu kwenye daftari la kikao.

*

Utulivuni wakachangia. Dabo! Kule ng'ambo wanaiita daraja la dhahabu! Jopo likajenga lifti mpya kwa hela hiyo na kubandika kibao cha shaba: "Kwa hisani ya Jamhuri ya Utulivuni." Picha ya kibao ikatoka kwenye magazeti yote matatu, ambayo ni gazeti moja lenye majina matatu. Wananchi wakapewa mapumziko ya siku moja wakaangalie picha.

Halafu ripoti ikaja.

Kila mwaka Jopo linatoa kitabu, kila nchi ina sehemu yake. Waziri Makorokoro akaitisha kamati, akavaa miwani, akaanza na Bondeni, si unajua tena, mtu lazima aangalie sahani ya jirani kwanza. Bondeni: kurasa themanini na nne. Picha za rangi. Jedwali. Ramani.

Akalamba kidole, akafungua Utulivuni.

Kurasa mbili. Na ya pili ilikuwa na mistari minne tu: "Jopo halikupokea malalamiko yoyote kutoka nchi hii. Tunashukuru kwa lifti."

Sikudhani aliona shingo ya Waziri inavimba.

"Sisi," Waziri akasema taratibu, "tumechangia dabo. Dabo! Bondeni wamechangia singo. Wale wanapewa kurasa themanini na nne zenye ramani, sisi tunapewa sahani ya mtoto?"

Mwanasheria wa wizara, mzee Pazi, akakohoa. "Mheshimiwa, pale wanaandika mabaya. Kurasa chache ni heri."

"Mabaya yepi?"

"Watu kufungwa bila kesi. Kupigwa. Magazeti kufungiwa."

"Ina maana Bondeni wanaweza, sisi hatuwezi?"

"Sio hivyo Mheshimiwa..."

"Mzee Pazi, wewe ni mzalendo au sio mzalendo?"

Mzee Pazi akasema ni mzalendo, akanywa maji, na huo ndio ukawa ushauri wa kisheria wa siku hiyo.

Waziri akapiga simu Jopo palepale, akaweka sauti ya wote kusikia. Sauti ya ng'ambo ikajibu kwa upole sana, kama unavyojibiwa na mtu ambaye lifti yake umeilipia: Mheshimiwa, sisi tunaandika tunacholalamikiwa, watu wenu hawalalamiki, lakini kwa heshima ya mchango wenu tutamtuma mjumbe baada ya wiki mbili, mtuandalie walalamikaji.

"Wangapi?"

"Hata mmoja, akiwa mzuri, anajaza kurasa arobaini."

Waziri akakata simu, akasimama. "Ndugu zangu, taifa letu changa, lenye historia ndefu, limekaliwa kimya. Kuanzia kesho, kila raia atalalamika. Kwa hiari. Asiyelalamika kwa hiari tutamsaidia."

*

Ndiyo ikaanza Wiki ya Taifa ya Kulalamika. Lakini hebu fikiria: watu wamefundishwa miaka thelathini kusema "tunashukuru kwa yote". Leo unawagongea asubuhi na fomu!

Sikudhani alipangwa kuzunguka na askari mmoja, Koplo Ngulumbe, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja anachoma vitumbua.

"Mama, lalamika," akasema koplo.

"Mie? Nina nini cha kulalamika mwanangu? Naipenda serikali."

"Hata kidogo tu."

"Hata punje. Wiki iliyopita mmenivunjia banda, nikashukuru, maana upepo unapita."

"Sasa hilo la banda si ndio lenyewe! Dada, andika."

"Weee!" Mama akamshika Sikudhani mkono, unga wote ukamhamia. "Usiandike! Banda nililivunja mwenyewe! Kwa furaha!"

Ikawa hivyo mtaa mzima. Watu wakajifungia. Wengine wakajifanya viziwi. Walipozidi kugoma, ikatoka amri asiyelalamika akamatwe, wakakamatwa mia mbili na kumi, wakaulizwa mahabusu: sasa je, una malalamiko? Wakajibu kwa pamoja kwamba mahabusu ni pasafi na wanashukuru kwa yote. Koplo Ngulumbe alikaa chini akalia. "Hawa watu mbona wagumu hivi," akasema, "mtu unamfunga bure kabisa na bado hakupi ushirikiano."

Mwisho wa wiki kamati ikafungua fomu. Malalamiko matatu nchi nzima. Moja, jogoo wa jirani. La pili, kipa wa timu ya taifa. La tatu lilikuwa la mke wa Waziri, likachanwa.

"Tumekwisha," akasema Waziri. "Mjumbe anakuja Jumatano. Bondeni watatucheka."

Sikudhani aliangalia kalamu yake. Miezi nane hajamwambia mtu pale ofisini, kwa sababu karani wa kabla yake alisema ana shemeji mahabusu, akahamishiwa kituo cha kuhesabu twiga, mkoa ambao hauna twiga. Lakini akaona kama sio leo, basi tena.

Akanyoosha mkono, kama vile vile alivyonyoosha Nasibu.

"Mheshimiwa, yupo mmoja."

Akaeleza yote. Daraja. Swali. Ndoano. Miezi nane bila mahakama. Mtoto wa meno mawili. Akamaliza, "Ni mdogo wangu," akafumba macho akisubiri twiga.

Akasikia kiti kinasukumwa. Waziri kamfuata, kamkumbatia mbele ya kamati nzima, machozi yanamtoka.

"Binti yangu! Umekaa na dhahabu hii miezi nane ndani ya wizara yangu, unatuandikia tu mihutasari?"

*

Nasibu akatangazwa Mlalamikaji wa Taifa. Hivi unavyosikia. Akahamishiwa chumba chenye dirisha, akawekewa godoro la inchi sita na feni. Fundi cherehani akaja kumpima suti. Kamati ikagawanyika vibaya kuhusu chakula: upande mmoja unasema alishwe vizuri asitutie aibu mbele ya mgeni, upande mwingine unasema akinenepa ukurasa unapungua. Wakakubaliana apewe samaki mzima lakini apigwe picha kabla hajala.

Sikudhani akaruhusiwa kumwona, mara ya kwanza ana kwa ana. Wakatazamana mpaka koplo akaona aibu akageukia ukutani.

"Dada umekonda," akasema Nasibu.

"Mimi nimekonda? Jiangalie wewe!"

"Mie nimekatazwa kunenepa. Kuna mtu anakuja na mzani." Akacheka, halafu akaacha. "Wanakaaje nyumbani?"

"Wazima. Mtoto katoa meno mawili ya chini. Anauma kila kitu. Kaniuma hapa, ona."

Nasibu akaushika ule mkono, akaangalia vialama viwili vidogo karibu na kiwiko, muda mrefu, kama anavyoangalia tairi kutafuta panapovuja.

"Nitatoka, dada?"

"Jumatano. Mgeni akija wewe sema ukweli tu, wote wanaona, watakuachia palepale."

"Dada, mimi si ukweli ndio ulionileta humu?"

"Ule ulisema bila kuombwa. Huu wameuomba kwa barua."

Akafikiri. "Haya. Kama wana barua."

*

Jumatano! Usiombe. Ngazi Nane imepakwa rangi hadi mawe. Maturubai, viti vimefungwa vitambaa vya dhahabu, kamati nzima sare. Keki ya ghorofa tatu, umbo la mizani ya haki, upande mmoja umeshaanza kuinama kwa joto. Na wamemkodi emsii wa harusi, Bashasha Mtemi, kwa sababu hakuna mtu Utulivuni aliyejua shughuli yenye mchango mkubwa hivyo inaendeshwaje bila emsii.

Mjumbe akashuka kwenye gari. Mwanamke mrefu, Madamu Orsolina Vek, Kiswahili chake kakisoma kwenye kitabu cha zamani.

"Hamjambo nyote. Nimewasili salama salimini. Yuko wapi mdhulumiwa?"

"Vigelegele kwa mdhulumiwaaa!" akapaza emsii, matarumbeta yakaitikia, Nasibu akaingia na suti yake anatembea kama bwana harusi aliyesahau anaoa nani.

Kusema kweli, Madamu alifanya kazi yake. Alikaa naye, akauliza taratibu, akaandika. Walikupiga? Lini? Nani alisaini? Nasibu akajibu yote, hakuongeza, hakupunguza. Shida ni emsii tu, kila karatasi ikigeuzwa: "Ukurasa wa kumi na tisaaa! Bondeni mpo?" Na makofi yanapigwa. Nasibu anasimulia walivyomlaza kwenye sakafu yenye maji, kamati inashangilia. Sikudhani alikuwa anaandika muhtasari, wino ukawa unasambaa kwenye karatasi, akagundua kumbe analia.

Kufika ukurasa wa arobaini na moja Madamu akafunga daftari.

"Mheshimiwa, huu ni uonevu mtupu. Ninaomba mtu huyu aachiliwe leo."

Waziri akacheka kwa heshima, akidhani ni utani wa kizungu. Akaona hacheki mwenzie.

"Madamu, tukimwachia, hizi kurasa arobaini na moja zinakaa?"

"La. Shauri likitatuliwa, huondolewa. Huandikwa mstari mmoja nyuma ya kitabu, chini ya Mafanikio."

"Mstari mmoja!"

"Mmoja."

"Na asipoachiwa?"

Madamu akasita. "Kila mwaka huongezwa kurasa za ufuatiliaji."

Waziri akageukia kamati. Ungeona kabisa wote wanaona kitabu kinene.

Sikudhani akasimama, hajui kasimamaje. "Madamu, nakuomba. Wewe ndio una sauti. Mwambie bila huyu kutoka hela yao hamtaki."

Sasa hapo, jamani. Madamu Orsolina alikuwa mtu mwema, tusimseme. Alifungua mdomo kabisa. Halafu mzee mmoja wa kamati akamsogezea juisi, akamuuliza, bila ubaya wowote, "Na ile lifti yetu, inapanda vizuri?" Akaufunga. Akaangalia viatu vyake.

"Jopo haliingilii mambo ya ndani ya wachangiaji wa daraja la dhahabu," akasema polepole, kama mtu anayesoma ukutani. "Ninaweza kuonyesha masikitiko. Ninayaonyesha."

"Vigelegele kwa masikitiko!" akasema emsii, lakini safari hii hakuna aliyepiga.

Waziri Makorokoro akaona shughuli inapoa. Na usimdhanie hana moyo; alimwangalia Sikudhani, karani wake wa miaka sita, akatafuta njia, na akaipata kule kule wanakotafutia kila kitu.

"Hivi sisi ni watu wa wapi?" akauliza, uso umeng'aa. "Mtu akipata udhuru harusini anafanyaje? Si anampa kadi ndugu yake? Mlangoni wanahesabu viti, hawaangalii sura. Huyu kijana ana mtoto mchanga, ana udhuru. Aende! Atuachie mwakilishi wa ukoo, akae kwenye nafasi yake mpaka kitabu cha mwakani. Kurasa zinabaki, kijana anakwenda kwake, Madamu anapanda ndege na furaha. Madamu, kanuni zenu zinasemaje?"

Madamu akapekua kitabu kidogo, mbele, nyuma. "Hazisemi lolote," akakiri. "Hakuna aliyewahi kufikiria."

"Basi!" Fomu ikaja mbio, kalamu juu yake, imeshagongwa mhuri: Mwakilishi wa Mlalamikaji. Ikawekwa mbele ya Sikudhani. "Mwaka mmoja tu binti yangu. Godoro lipo. Samaki yupo. Na mshahara wako unaendelea, maana utakuwa kazini."

"Dada usikubali," akasema Nasibu. Alisema kweli, na kwa sauti. Ila mikono yake ilikuwa chini, inafunga kamba za viatu.

Sikudhani aliiona hiyo mikono. Nje ya geti, kati ya maturubai, alimwona Tatu amesimama na mtoto mgongoni, mtoto anatafuna ncha ya khanga. Akashika kalamu. Mara ya kwanza wino haukutoka. Akaikung'uta, akasaini, mwandiko wake ule ule mzuri.

Nasibu akapita mlangoni bila kugeuka. Watu wanasema ni roho mbaya, sio. Aliogopa akigeuka watabadilisha mawazo. Alifika getini, akanyoosha mikono kumpokea mtoto, mtoto akamtazama yule mwanamume wa suti, akapiga ukelele mmoja, akajificha kwenye shingo ya mama yake. Nasibu akabaki kanyoosha mikono hivyo hivyo. Sikudhani aliyaona yote kwa dirisha, lile dirisha zuri, kabla feni haijawashwa.

Kitabu kilitoka. Utulivuni kurasa tisini na mbili, arobaini na moja za Nasibu, zilizobaki za ufuatiliaji, na ramani mbili. Rais alikaa mbele. Bondeni wamekasirika, wanasema mwakani wanachangia mara tatu.

Na huku mitaani kila mtu anajua alichotakiwa kufanya Sikudhani. Wengine wanasema angekataa, mdogo wake alishazoea, samaki anakula. Wengine wanasema angemvaa yule Madamu akamtoa hiyo juisi mkononi. Wengine wanasema asingenyoosha mkono tangu mwanzo. Wote wanayasema wakiwa wamekaa kwao, miguu juu ya stuli.

Haya, wewe. Kalamu iko mkononi mwako, keki inaanguka, mgeni anaangalia saa ya ndege, ndugu yako anasema usikubali na huku anafunga viatu. Ungefanyaje?